Kwa fundi inawaka, kwangu inazima

BARUA

Mzee wangu, shikamoo.

Nina duka dogo la steshenari hapa Mwanga, Kigoma, si mbali na soko. Natoa fotokopi, nachapa barua na mikataba ya viwanja, napiga picha za pasipoti, na vijana huja niwaombee ajira na mikopo ya chuo mtandaoni. Kazi yote hiyo inategemea kompyuta moja ya mezani, na kompyuta hiyo imeniweka roho juu mwaka mzima.

Niliinunua Machi mwaka jana, mtumba wa Kariakoo, ikaja kwa basi. Nililipa shilingi 320,000 pamoja na monita yake. Ilifanya kazi vizuri miezi mitatu. Mwezi wa sita, nikiwa katikati ya mkataba wa mtu, ikatoa mlio kama kibiriti kinachowashwa, harufu ya kuungua ikajaa dukani, ikazima. Fundi wangu ni kijana wa Ujiji, mama yake tuko naye kwenye kikoba kimoja. Akasema ni pawa saplai, akaniwekea nyingine kwa 45,000.

Mwezi wa nane hadi diski ikaanza kulia tik, tik, tik. Siku ya tatu haikuwaka tena. Mlikuwa na picha za harusi ya mteja na fomu za vijana wawili, vyote vikapotea. Mwenye harusi nilimrudishia hela yake, lakini picha ningezitoa wapi? Diski nyingine, 50,000. Mwezi wa kumi mvua zilipoanza, ukiiwasha inapiga bipu tatu na skrini inabaki nyeusi. Fundi akasema RAM, ile kadi ya kumbukumbu, imekufa, 25,000. Desemba akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, 110,000. Nikijumlisha, spea zimekula 230,000 na ufundi 40,000. Karibu bei ya kompyuta nzima.

Na bado haijapona. Sasa inajizima yenyewe, zaidi nikiwa na kazi nyingi, mteja mmoja anataka kopi na mwingine nachapa yake. Saa nayo imerudi nyuma, inaonyesha mwaka 2012, na tovuti nyingine zinakataa kufunguka zikisema si salama. Nikiipeleka kwa fundi inakaa kwake siku mbili, inawaka mchana kutwa, haizimi hata mara moja. Ananipigia, "Mama, iko poa, njoo uichukue." Nikiifikisha kwangu haimalizi siku.

Nikueleze na duka lilivyo, huenda ikasaidia. Ni chumba kimoja cha kupanga chenye soketi moja ukutani. Hapo nimechomeka ekstensheni, na kwenye hiyo ekstensheni ndiko kuliko mashine ya fotokopi, kompyuta, monita, printa, rauta na chaji za simu za wateja. Shemeji alinipa UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme, lakini umeme ukikatika nayo inazima papo hapo, kwa hiyo niliitoa. Sanduku la kompyuta liko chini, miguuni pangu. Mbele ya duka ni barabara ya vumbi, na jirani wa kushoto anachomelea mageti. Mdogo wangu anayenisaidia akiwa peku akigusa lile sanduku anasema linamtekenya. Huwa namwambia avae ndala.

Mume wangu anasema kijana ananiibia, anatoa vifaa vizima ananiwekea vibovu. Sitaki kuamini, maana nimemwona akikua. Lakini kila nikimlipa moyo unasita.

Nina 400,000 niliyoitoa kwenye kikoba. Nimwache fundi? Niitupe hii ninunue nyingine? Au nijichange ninunue laptop? Vijana wa kidato cha sita wanakaribia kuomba vyuo, sitaki waje wakute nimefunga.

Mama wa steshenari, Mwanga

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole sana, na pole zaidi kwa zile picha za harusi, maana hela hurudi lakini siku ya mtu hairudi.

Kwanza nikuombe: usinunue kompyuta, usimwache kijana, na hiyo 400,000 isiguswe mpaka umalize kusoma. Kuna jambo moja tu nataka ulifanye leo hii kabla ya kufunga duka. Nakili kazi zote za wateja kwenye flashi, na zile muhimu zaidi ziweke pia kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Flashi hiyo usiiache imechomekwa kwenye kompyuta, maana pigo likija litaondoka na vyote viwili. Nenda nayo nyumbani kila jioni. Na kwa kuwa mna namba za NIDA na vyeti vya watu, iwekee nywila.

Tuingie kwenye ugonjwa. Katika barua yako kuna sentensi mbili nilizozirudia mara tatu. Moja ni ile ya kwamba kwa fundi kompyuta inakaa siku mbili bila kuzima na kwako haimalizi siku. Kompyuta ni ileile, waya zake ni zilezile, hata Kigoma ni hiihii. Kinachobadilika ni soketi inamochomekwa. Ya pili umeiandika kama jambo dogo la nyumbani: mdogo wako anatekenywa akigusa sanduku. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko mazabodi na hadi diski na vyote ulivyolipia.

Nikueleze kwa nini inamtekenya. Plagi zetu zina pini tatu. Mbili za chini zinabeba umeme, laini unakoingilia na nyutro unakorudia. Ile ndefu ya juu ni ya ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, haibebi kazi yoyote siku za kawaida. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vidogo vinavyosukuma uchafu wa umeme kwenye bati la sanduku, na bati limeungwa na pini ile ndefu ili uchafu ushuke ardhini. Waya wa ethi usipokuwepo, uchafu hauna pa kwenda. Bati zima linabaki na umeme wa kama nusu ya ule wa ukutani, volti 115 hivi, ingawa mkondo wake ni hafifu mno. Mtu mwenye ndala hausikii. Mtu aliye peku kwenye sakafu ya saruji anausikia kama mdudu anayetembea chini ya ngozi.

Kwa hiyo duka lako, ama ekstensheni yako, halina ethi. Naliandika kwa mkazo kwa sababu leo ni kutekenywa tu, lakini siku waya wa laini ukichubuka ndani na kugusa bati, sanduku lote litakuwa na volti 230 kamili na hakuna kitakachokata umeme. Ndala haziwezi kuwa dawa ya hilo. Mpaka litakapotengenezwa, mdogo wako asiguse bati la kompyuta wala la mashine ya fotokopi, na asiingie nyuma ya meza kupanga waya kabla hujazima swichi ya ukutani.

Sasa rudi kwenye orodha yako ya vifo, uisome ukijua hilo.

Pawa saplai ndiyo mlango wa kompyuta. Inachukua umeme wa ukutani, wa volti 230, inaugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo vifaa vya ndani vinaweza kula. Umeme ukipanda na kushuka, yeye ndiye anayepigwa kwanza, na mwezi wa sita alipigwa. Mahali pake pakawekwa nyingine, na kwa bei uliyotaja sina shaka ni ya kukatwa kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyokufa. Hapo ndipo naona kosa la kijana. Pawa saplai iliyozeeka huendelea kuwasha kompyuta huku ikitoa umeme unaotetemeka, kwa sababu kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimechoka. Ukizichungulia utaziona vichwa vyake vimevimba kama maandazi badala ya kuwa bapa. Inawalisha wenzake wote chakula kibovu, kila siku kidogo kidogo. Hadi diski ina mota inayokula volti 12 na ubongo unaokula volti 5, na haivumilii kukatiwa umeme ghafla ikiwa inaandika. Miezi miwili baadaye ikafa. Mazabodi yenyewe ilistahimili mpaka Desemba.

Ya RAM sina hakika kama ilikufa. Bipu zina maana tofauti kwa kila mtengenezaji, lakini ni kweli kwamba mara nyingi bipu na skrini nyeusi vinaelekeza kwenye RAM. Mvua zilikuwa zimeanza, hewa imejaa unyevu, sanduku liko chini kwenye vumbi. Meno ya dhahabu ya RAM hupata ukungu mwembamba ambao huuoni kwa macho, kompyuta ikaacha kuitambua RAM iliyo nzima kabisa. Dawa yake ni kifutio cha penseli, na wewe unakiuza. Unazima swichi, unachomoa waya wa umeme, unaitoa RAM, unasugua meno yake taratibu pande zote mbili, unafuta kwa kitambaa kikavu, unairudisha mpaka vibano vyote vilie. Iombe ile ya zamani kwa kijana, kama bado anayo, ijaribuni.

Kuna na safari ya basi. Kompyuta iliyotingishwa kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma huweza kufika na RAM au waya wa diski uliolegea, au kipoozeo cha prosesa kilichoachia upande mmoja. Ukinunua kitu kilichosafiri hivyo, kabla ya kukiwasha kifunguliwe, kila kitu kibanwe upya. Kwa yako yameshapita.

Sasa kazi. Tafuta fundi umeme wa majumbani mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, siyo fundi kompyuta, aje dukani na mita. Usipime mwenyewe. Mwambie apime sehemu tatu kwenye soketi ya ukutani: laini na nyutro, laini na ethi, nyutro na ethi. Apime mara tatu pia. Mara ya kwanza duka likiwa kimya. Mara ya pili mashine ya fotokopi ikiwa inapata moto. Mara ya tatu jirani yako akiwa anachomelea geti. Wewe uandike namba zote kwenye daftari, na saa zilipopimwa.

Laini na nyutro itoe kama 230, ipungue au izidi kidogo. Ikiwa kimya inaonyesha 228, na fotokopi ikipata moto inashuka chini ya 200, ujue waya ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea. Mashine ya fotokopi ina rola linalochemshwa ili wino ushike kwenye karatasi, na rola hilo linavuta umeme mwingi kwa mkupuo, linaacha, linavuta tena. Tazama taa yako ya dukani siku ukitoa kopi 50 mfululizo. Ikiwa inafumba na kufumbua, kompyuta iliyo kwenye ekstensheni ileile inafumba na kufumbua pamoja nayo. Ndiyo maana inazima ukiwa na wateja wengi. Shika pia plagi ya ekstensheni baada ya hizo kopi, kwenye plastiki yake. Ikiwa ya moto, iache siku hiyohiyo, imeanza kuyeyuka ndani na huo ndio mwanzo wa moto wa duka.

Laini na ethi nayo itoe karibu namba ileile ya laini na nyutro. Ikitoa namba ndogo inayochezacheza, ethi haipo. Nyutro na ethi itoe volti chache tu. Lakini wakati jirani anachomelea, kama namba za laini na nyutro zinaruka juu, 250 na kuendelea, huku kwa majirani wengine taa zikififia, simamisha kila kitu uzime swichi kuu. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea, ama kwenye mita ama kwenye nguzo. Umeme wa njia tatu ukipoteza nyutro, nyumba moja inaweza kupokea karibu volti 400 wakati nyingine inapokea chache. Hapo si kazi ya fundi wako. Piga simu shirika la umeme uwaambie maneno hayohayo, "nyutro imelegea", wakija wakute namba zako kwenye daftari.

Nilitengeneza redio na televisheni katika mji huu miaka ile tukiendeshwa na majenereta ya dizeli, na umeme ukirudi usiku ulikuwa unarudi kwa kishindo. Asubuhi nilikuwa napokea redio nne, tano, zote zimeungua mahali pamoja. Ndiko nilikojifunza kuuliza nyumba kabla ya kuuliza redio.

Kutengeneza chumba si kazi kubwa. Fimbo ya ethi ikigongelewa ardhini, waya upite mpaka kwenye swichi kuu, na soketi mbili mpya zitolewe kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Fotokopi ipate soketi yake peke yake, kompyuta na wenzake wapate nyingine. Fimbo ikae mahali penye unyevu, karibu na maji ya kuogea yanapotiririka kwa mfano, maana udongo ukikauka kiangazi ethi inadhoofika. Kwa kuwa chumba ni cha kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla, umwonyeshe namba. Ethi inalinda nyumba yake pia, hivyo si vibaya kumwomba akukate sehemu ya kodi. Ekstensheni mpya ichague kwa mita: fundi apime kama pini ndefu ya plagi imeungana na tundu la juu la soketi zake. Zinauzwa nyingi ambazo tundu lipo na waya ndani haupo.

UPS ya shemeji usiitupe. Inayozima papo hapo umeme ukikatika mara nyingi ni betri tu iliyokufa. Nyingi za ukubwa wa dukani zinatumia betri moja ya volti 12 na amp-saa 7 (7Ah), inauzwa peke yake, na hudumu miaka miwili au mitatu, kwenye joto chini ya hapo. Ikishapona iunge na kompyuta, monita na rauta. Kamwe usiunge fotokopi wala printa ya leza, rola lake litaiua. Na isubiri ethi kwanza, kwa sababu kinga ya umeme mkubwa ndani ya UPS inahitaji mahali pa kumwaga, na bila waya wa ethi njia ya kwenda ardhini haipo.

Baada ya chumba kupona, ndipo umwite kijana wako. Kazi ya kwanza ni kununua pawa saplai mpya. Kama kuna kitu kimoja ndani ya kompyuta ambacho hutakiwi kununua mtumba, ni hicho. Aende na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa kompyuta nyingi za maofisini zina pawa saplai za umbo lake na plagi zake, na ile ya kawaida ya dukani haitaingia. Akishaifunga, kompyuta ikiwa inafanya kazi, apime volti 12 yake: isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Ile ya zamani asiifungue kutafuta spea. Ndani yake kapasita kubwa hubaki na umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ile saa ya 2012 ni betri bapa kama shilingi iliyoko kwenye mazabodi, jina lake CR2032, ya volti 3. Imekwisha. Mazabodi uliyowekewa Desemba ilikuwa nzee, ikaja na betri yake nzee. Tovuti zinakataa kwa sababu kila moja ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani ni 2012 inaona vyeti vyote bado havijaanza. Badilisha betri, rekebisha tarehe, zitafunguka.

Hadi diski uliyowekewa ni ya mtumba pia. Kabla ya kuiamini, kijana aweke programu ya kupima afya ya diski inayoitwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikiandika tahadhari, chukua diski ndogo mpya ya aina ya SSD. Haina mota wala kisahani kinachozunguka, na kazi zako zitafunguka haraka zaidi.

Sanduku litoke miguuni. Liweke juu ya meza au stuli, mbali na ukuta kwa kiganja kimoja. Kiangazi lile vumbi jekundu la barabara linafyonzwa na feni mchana kutwa na kujaa kwenye kipoozeo cha prosesa mpaka hewa haipiti. Kila baada ya miezi mitatu lipulizwe kwa blowa, nje, waya wote umechomolewa, na feni zizuiwe kwa kijiti zisizunguke. Feni inayozungushwa kwa upepo huweza kuzalisha umeme wake na kuurudisha kwenye bodi. Chungulia na nyuma ya sanduku, kama kuna uwazi mrefu mahali palipotolewa kadi, uzibe kwa kipande cha bati. Niliwahi kuitwa ofisi moja hapa mjini, kompyuta inakufa kila wiki, nikafungua nikakuta mjusi amelala chini ya mazabodi, mkavu kama dagaa aliyeanikwa siku tatu, mkia wake umegusa miguu ya waya mbili. Aliingia kwenye uwazi huohuo kufuata joto.

Na radi. Masika ukisimama Kibirizi jioni unaziona zinamulika ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, muda mrefu kabla mvua yenyewe haijatufikia. Ukiziona, maliza ukurasa ulio nao, zima, uchomoe plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, radi inaruka pengo la swichi. Hakuna kifaa cha dukani nitakachokuahidi kwamba kinazuia radi ya karibu.

Nimebakiza kijana. Mweleze mume wako hivi: mwizi wa spea hakuachii kompyuta inayofanya kazi siku mbili kwake kisha izime kwako. Kijana anapima kwenye meza yake yenye umeme mzuri, anaona nzima, anakurudishia kwa moyo safi. Kosa lake ni kwamba mara nne alitibu kiungo bila kuuliza kilichokiumiza, na hilo umwambie, ukiwa umekaa naye, bila mama yake kusikia wala wateja. Kuanzia sasa kila kifaa kinachotolewa urudishiwe mkononi hata kama kimekufa. Kila kinachowekwa, andika namba yake kwenye daftari na ukitie alama ya kalamu ya wino usiofutika mbele yake. Kijana mwaminifu atafurahi, kwa sababu alama hiyo inamlinda na yeye.

Kuhusu kununua nyingine au laptop: laptop ina betri yake, kwa hiyo inavumilia umeme kukatika kuliko kompyuta ya mezani, na ningekuwa naanza duka leo ningeifikiria. Lakini chaja yake ingechomekwa kwenye soketi hiyohiyo. Tena kwa 400,000 utapata mtumba wa zamani, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, huku kompyuta nyingi zilizotoka kabla ya 2018 zikiwa hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Uliza hilo siku utakaponunua. Kwa sasa hela hiyo ningeigawa kwa mpangilio huu: ethi na soketi kwanza, pawa saplai mpya ya pili, betri ya UPS ya tatu, na betri ya saa ambayo haifiki hata bei ya kopi za asubuhi moja. SSD ije kama chenji itabaki.

Mpigie fundi umeme kesho, na jirani wa mageti mwombe awashe mashine yake kwa dakika tano wakati mita iko kwenye soketi. Kisha niandikie zile namba tisa kama zilivyo, hata kama hazieleweki. Usisahau kuniambia kama mdogo wako bado anatekenywa baada ya fimbo kuingia ardhini.